Data za wateja zimezagaa klaudi, bosi anataka tununue dashibodi. Mnashaurije?

mtu_wa_sava (mwanzisha mada)
Habari za jioni wakuu. Niko kampuni ya mikopo midogo hapa Dar, IT tuko wawili tu na mwenzangu muda mwingi anahangaika na printa. Mifumo yetu iko AWS (klaudi ya Amazon), Cape Town, tulihamia 2021. Sasa juzi nilikuwa natafuta kwanini bili imepanda nikakutana na baketi ya S3 (stoo ya mafaili huko AWS) inaitwa test-mpya2, kuifungua nakuta bakapu nzima ya databesi ya wateja, majina, simu, namba za NIDA, mishahara, na folda imejaa picha za vitambulisho. Aliyeiweka ni developa aliyeacha kazi kitambo, alikuwa anajaribu kitu akasahau. Kibaya zaidi ilikuwa wazi, mwenye linki anafungua tu. Nimeifunga usiku uleule nikamwambia bosi, kesho yake kaja na jamaa wa mauzo anauza dashibodi eti inaonyesha data zote ziko wapi na ipi iko hatarini, bei kwa dola, kwa mwaka inazidi mshahara wangu. Hiyo kitu ina maana kwa kampuni ndogo? Na nitajuaje kama kuna mtu alishapakua zile faili?

bibi_logi
Pole sana mdogo wangu. Naanza na swali la pili maana ndilo lenye moto. CloudTrail, daftari la matukio la AWS, ukiiacha ilivyokuja inaandika nani kaunda baketi na nani kabadili ruhusa, ila nani kasoma faili gani haiandiki mpaka uwashe mwenyewe, na inalipiwa. Logi za baketi, yaani kumbukumbu za nani kaifikia, nazo zinakuja zimezimwa. Kama hukuwasha hata moja basi hutojua, na tafadhali usije ukamwambia bosi "hakuna aliyepakua", mwambie "hatuna ushahidi", maana hayo ni maneno mawili tofauti na hilo la kwanza litakurudia. Kwa vile uliikuta kupitia bili, rudi humohumo uangalie data iliyotoka nje miezi ya nyuma, mwezi ukiruka ghafla ni dalili, usiporuka haimaanishi umepona.
Na usikimbilie kufuta, huo ni ushahidi. Siku ukifuta, kama baketi imewashwa kutunza matoleo ya zamani basi delete ya kawaida inaficha tu, faili bado lipo na bado unalilipia 😅

fundi_wa_ilala
Mkuu kabla ya dola muulize huyo jamaa wa mauzo swali moja, dashibodi yake inasoma picha? Sisi tuliijaribu Macie ya AWS yenyewe, inapitia S3 kutafuta taarifa binafsi na inatoza kwa GB inazosoma. Kwenye CSV na maandishi iko vizuri ila NIDA haiijui, ikabidi tuielekeze wenyewe kwamba tarakimu 20, nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Picha za vitambulisho sasa ikazipita kama hazipo! Ungeitegemea hiyo, folda lako hilo lingeonekana safi kabisa.
Leo fanya vya bure. Zuia baketi kuwa wazi kwa akaunti nzima, sio mojamoja. Baketi mpya kuanzia Aprili 2023 zinazaliwa zimefungwa, za zamani kama zenu zinabaki zilivyo. Halafu nenda kwenye snapshoti za databesi, yaani nakala zake za wakati fulani, watu wanafunga S3 wanalala, kumbe snapshoti ina ruhusa zake tofauti na yenyewe inaweza ikawekwa wazi kwa dunia nzima.

wakili_mtandao
Mimi si mtu wa IT ila mmesahau kitu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika Mei 2023, je kampuni imejisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi? Na sheria ina sehemu nzima ya kupeleka taarifa nje ya nchi, Cape Town ni nje ya nchi ndugu yangu. Hilo tukio mpelekeeni mwanasheria wenu wiki hii, msilikalie.

njoro_devops
Huku Kenya ukijua data imefikiwa na mtu hafai na kuna risk kwa wenyewe, una masaa 72 kuambia Kamishna wa Data, so hiyo ya kukalia story haiko.
Lakini si-agree na fundi kabisa. Hizo tools si mbaya, sisi tuko na akaunti nyingi na bila tool hatungeweza. Shida ni mwaka wa kwanza alerts zilikuwa zinaingia kwa imeli ya IT na hakuna mtu anazigusa, kwa sababu ukiuliza hii baketi ni ya nani kila mtu anaangalia dari. Tukaamua kila baketi lazima iwe na tagi, yaani lebo ya mwenye nayo, mtu wa idara si IT, na tarehe ya baketi kufutwa. Ikikosa tagi siku 14 inafungwa. Siku ya kwanza watu wa marketing walitupigia kelele aki, by Ijumaa kila kitu ilikuwa na mwenyewe.

mtu_wa_sava
Ahsanteni sana, bibi_logi na fundi Mungu awabariki. Mrejesho: nimezuia akaunti nzima, na kweli nimekuta snapshoti mbili za 2022 zimeshirikishwa kwa akaunti nisiyoijua, naendelea kufuatilia ni ya nani. Mwanasheria tunakutana naye kesho. Jamaa wa mauzo nimemuuliza la picha, kasema atanirudia, leo siku ya tatu. Njoro, hizo tagi mlilazimishaje bila kila developa kukuchukia? Maana hapa CFO (mkuu wa fedha) kagoma jina lake kuandikwa popote, na bakapu ile ilikuwa ya ripoti zake.