Fasia inalegea kwa mkono, au tunadanganyana?

Muulizaji: Fasia ni ule utando mweupe unaofunika misuli, ukichuna nyama unauona. Wakandaji wanasema hukakamaa, nao huinyoosha kwa mikono. Kweli mkono unaweza? Naomba hoja, maana naona wengi wamekariri tu.

Mkandaji: Wamekariri? Ida Rolf, yule Mmarekani aliyeanzisha ukandaji uitwao Rolfing, alipata udaktari wa biokemia mwaka 1920, akajenga ukandaji wake juu ya fasia. Naye alikariri? Mimi nina miaka 12 kwenye kazi hii. Nikibonyeza taratibu nasikia inaachia chini ya kidole. Mtu akitoa machozi, hapo ndipo penyewe.

Fiziotherapia: Machozi! Mtu akiumia mwili wake hujikaza. Unapambana na misuli uliyoikaza mwenyewe.

Mkandaji: Sijasema namtesa mtu. Usinilishe maneno.

Aliyekandwa: Wapo wanaotesa. Nilikandwa mgongo nikatoka na michubuko, nikaambiwa ni sumu inatoka. Siku nne sikuweza kuinama. Sumu gani? Ile ni damu iliyovuja chini ya ngozi!

Mkandaji: Pole sana. Lakini huyo si mimi, na sumu sijaitaja.

Msomaji: Jamani, swali lilikuwa kunyoosha. Mwaka 2008 watafiti walipiga hesabu za nguvu inayohitajika, zikaonyesha kwamba fasia ya paja na ya unyayo, hata kuisogeza asilimia 1 tu, inataka nguvu kupita ya mkono wa binadamu. Ya pua ndiyo laini.

Mkandaji: Hesabu hazijawahi kumgusa mgonjwa. Watu wanaingia wamepinda, wanatoka wamenyooka.

Fiziotherapia: Wanatoka wamenyooka, sikatai. Fasia imejaa neva. Mkono unaotulia huziambia neva hakuna hatari, misuli inalegea, ndiyo hiyo unayoisikia ikiachia. Tena kati ya tabaka kuna ute wa kuziwezesha kuteleza. Kolajeni yenyewe, zile nyuzi ngumu zinazoijenga fasia, hujaigeuza kwa dakika kumi.

Aliyekandwa: Basi kwa nini wanabonyeza kwa kiwiko, kama neva zinataka upole?

Muulizaji: Hilo ndilo nataka sasa. Mteja akiwa kitandani, aambiwe nini?

Mkandaji: Mimi nitamwambia mgongo utalegea, na akiumia aseme nipunguze. "Kunyoosha" nitaliacha. Ila wewe lile neno lako la kukariri hujaliondoa, na bado nalisubiri.