Beetle yenye injini ya 1776 inapata joto mlimani na inasita ninapokanyaga mafuta

Mwanafunzi wa Spana

Ndugu zangu, naomba mnisaidie mawazo, kwa maana kila ninachobadilisha kinazidi kunichanganya. Nina Volkswagen Beetle iliyokuwa na injini ya kawaida ya 1600, yaani sentimita za ujazo 1584, yenye silinda za kipenyo cha milimita 85.5 na mwendo wa pistoni wa milimita 69. Ilikuwa imechoka, inakula oili na kompresheni imeshuka, kwa hiyo nilipoifungua niliona heri niiongeze nguvu kuliko kuirudisha ilivyokuwa. Bloku na hedi mpya (vichwa vinavyofunika silinda) zilichongwa ili zipokee silinda za milimita 90.5, krenki ikabaki ileile, na hapo ndipo nikapata 1776. Nimefunga kabureta mbili za Weber 40 IDF zenye venturi (koo la kupitishia hewa) za milimita 28, pamoja na distributa (kigawa-cheche cha plagi) ya Bosch 009 niliyoipata ikiwa imetumika.

Kwenye tambarare gari linavuta vizuri, tena kwa furaha. Shida ya kwanza ni kwamba ninapoondoka kwenye kituo na kukanyaga mafuta, injini inasita kwa muda wa pumzi moja, kabureta ya kushoto inakohoa, ndipo linashika na kwenda. Shida ya pili ndiyo inayonitia hofu: nikipanda mlima mrefu kwa gia ya tatu, baada ya dakika kama ishirini joto la oili linafika nyuzi 125 na ninasikia injini ikinoki, mlio kama wa changarawe ndani ya kopo. Nikisimama ikiwa katika hali hiyo, sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, inapanda na kushuka yenyewe.

Nimekwisha kubadilisha plagi, nimepandisha jeti kuu (kitundu cha kupimia petroli ndani ya kabureta) kutoka 115 hadi 125, na nimeondoa thamostati pamoja na vibao vyake ndani ya kasha la feni ili hewa ipite bila kizuizi. Taimingi, yaani cheche kuwaka mapema kiasi gani kabla ya pistoni kufika juu, nimeiweka digrii 10 kwenye sailensa, kwa sababu hapo ndipo injini ilipotulia. Je, nikiongeza kipoza oili cha nje chenye feni yake, tatizo la joto litakwisha?

Fundi wa Hewa

Ndugu Mwanafunzi, nakusihi usinunue kipoza oili kwa sasa. Kipoza cha nje kinaondoa joto kwenye oili, lakini hakigusi joto la hedi, na kunoki kunatokea ndani ya hedi. Utakuwa na geji ya oili inayokupa moyo huku valvu za kutolea moshi zikiendelea kuungua.

Anza na taimingi, kwa kuwa ni ya bure na ndiyo yenye uwezo wa kukutobolea pistoni. Distributa ya 009 haina advansi ya vakyumu, yaani kuwahisha cheche kwa mvuto wa hewa ya injini. Inategemea vizito na springi peke yake. Ikiwa imetumika na springi zimelegea, huwezi kujua inaongeza digrii ngapi kwa kuitazama ikiwa kwenye sailensa. Kwa hiyo aina hii haipimwi kwenye sailensa. Inapimwa kwa taa ya taimingi injini ikizunguka zaidi ya mara 3,500 kwa dakika, pale ambapo alama haisogei tena, na jumla iwe kati ya digrii 28 na 32 kabla ya pistoni kufika juu. Kwa injini yako ningeanza na 28. Sailensa itakayopatikana baada ya hapo, ikubali.

Kama puli yako haina alama ya digrii 30, itengeneze mwenyewe. Kata ukanda mwembamba wa karatasi, uzungushe kwenye ukingo wa puli, uukate pale ncha mbili zinapokutana barabara. Sasa ukunje katikati, ukunje katikati tena, kisha kipande hicho ukikunje mara tatu. Umeugawa mzunguko sehemu kumi na mbili, na kila sehemu ni digrii 30 kamili. Urudishe ukanda kwenye puli, ncha yake ikianzia kwenye alama ya pistoni kuwa juu, kisha weka nukta ya rangi nyeupe kwenye mkunjo wa kwanza upande wa kulia, ukiwa umesimama nyuma ya gari. Ni kulia kwa sababu puli inazunguka kufuata mshale wa saa, na nukta hiyo inatakiwa itangulie kufika juu.

Jambo la pili ni kompresheni, ambayo wengi wanaoongeza silinda hawaihesabu. Chukua hedi yenye chumba cha sentimita za ujazo 50, na pistoni ikiwa juu ibakie milimita 1.5 chini ya ukingo wa silinda. Kwa silinda za 85.5 uwiano wako wa kompresheni ungekuwa takriban 7.8 kwa 1. Kwa hedi ileile na nafasi ileile, silinda za 90.5 zinakupeleka karibu 8.4; na kama nafasi ni milimita 1 tu, unafika 8.9. Hakuna aliyegusa chumba cha hedi, lakini kompresheni imepanda. Uwiano huo unavumilika, ila sharti taimingi na ubaridi viwe sawa, na kwako ninashuku kwamba vyote viwili haviko sawa.

Sasa nije kwenye hewa, maana katika injini hii hewa inafanya kazi ya maji. Rudisha thamostati na vibao. Vibao vile vikifunguka vinasaidia kuielekeza hewa pale penye joto kali, na injini inapokuwa ya baridi vinaifanya ifikie joto lake mapema, jambo linalopunguza kulika kwa silinda. Kisha uniambie mambo haya: mpira unaozunguka injini, unaotenganisha hewa baridi ya juu na hewa moto ya chini, je, upo wote? Vifuniko vya mpira vya waya za plagi vimekaa sawasawa kwenye mabati? Na vile vibati vidogo vinavyokaa chini ya silinda, kati ya moja na nyingine, ulivirudisha? Bila vibati hivyo hewa inashuka moja kwa moja badala ya kuikumbatia silinda kuizunguka hadi chini. Watu huvitupa wakidhani ni takataka za injini ya zamani, na inaniuma kila ninapoona.

Binti Karakana

Shikamoo, Fundi wa Hewa. Nawe ndugu Mwanafunzi, naomba nizungumzie kule kusita, kwa sababu nadhani umebadilisha jeti isiyohusika. Katika kabureta za aina ya IDF, jeti ya sailensa hailishi sailensa peke yake. Inaibeba injini hadi karibu mizunguko 2,500 au zaidi kidogo, na jeti kuu inapokea baada ya hapo. Wewe unasita unapoondoka, yaani ndani ya eneo la jeti ya sailensa. Kupandisha jeti kuu kutoka 115 hadi 125 hakuwezi kuponya hapo. Kutakupa moshi mweusi ukiwa kwenye mwendo mkubwa. Kwa venturi za 28, jeti ya 115 ilikuwa mahali pazuri pa kuanzia, nami ningeirudisha.

Skrubu za mchanganyiko zitakuambia ukweli. Zifunge taratibu hadi zikae bila kuzikaza, kisha zifungue moja moja injini ikiwa ya moto, mpaka kila silinda izunguke vizuri kuliko pengine popote. Ikiwa inabidi ufungue zaidi ya mizunguko miwili na robo, jeti ya sailensa ni ndogo. Ikiwa inapendeza kabla ya robo tatu ya mzunguko, ni kubwa.

Lakini kabla ya kugusa jeti yoyote, tafuta hewa inayoingia kwa wizi. Kukohoa kwa kabureta ya kushoto peke yake, pamoja na sailensa inayopanda na kushuka injini ikiwa ya moto, kunanifanya nishuku gasketi ya manifoldi (bomba linalounganisha kabureta na hedi) upande huo. Injini ikiwa kwenye sailensa, pulizia kidogo dawa ya kusafishia kabureta kwenye maungio ya manifoldi na hedi. Mlio ukibadilika, umepata tundu. Fanya hivyo injini ikiwa bado ya baridi, mbali na waya za plagi, na kizima moto kikiwa mkononi mwa mtu wa pili, kwa maana dawa hiyo inashika moto haraka. Ukishaziba, ndipo usawazishe kabureta mbili kwa kipimo cha hewa, vijiti vya kuvutia vikiwa vimefunguliwa, kisha uvirudishe bila kuvivuta upande.

Fundi wa Hewa

Marahaba, binti yangu, nami nakubaliana nawe yote. Niongeze moja tu nililolisahau. Ndugu, kasha lako la feni ni la aina gani? Kwenye injini za zamani kipoza oili kilisimama ndani ya njia ya hewa inayokwenda silinda namba 3, na ndiyo sababu silinda hiyo, ya mbele upande wa kushoto, ikawa mashuhuri kwa kuungua valvu. Kuanzia mifano ya 1971 kipoza kilisogezwa kwenye kijumba chake cha pembeni. Kama lako ni la kijumba, hakikisha kuwa lipo bati la chini linalotoa hewa moto ya kipoza nje ya chumba cha injini. Likikosekana, feni inarudia kuvuta hewa iliyokwisha kupashwa moto.

Mwanafunzi wa Spana

Ndugu zangu, nimerudi baada ya wiki mbili, na nina deni la shukrani kwenu.

Ukanda wa karatasi ulinifungua macho. Nukta nyeupe ilipita juu na kwenda zake. Jumla ya advansi ilikuwa digrii 38. Nimeifungua distributa, springi moja ilikuwa imenyooka, na baada ya kuibadilisha nimepata 29 zisizosogea. Gasketi ya manifoldi ya kushoto ilikuwa imepasuka kwenye tundu la bolti, na dawa ya kabureta ilibadilisha mlio papo hapo. Baada ya kuziba, skrubu ziliomba karibu mizunguko mitatu, nikabadilisha jeti za sailensa kutoka 50 hadi 55, na sasa zimetulia kwenye mzunguko mmoja na nusu. Jeti kuu nimezirudisha 115. Kusita kumekwisha kabisa.

Joto, hata hivyo, lilipungua nyuzi chache tu, kwa hiyo niliishusha injini. Vibati vya chini vilikuwepo upande wa kulia. Vya kushoto nilivikuta ndani ya sanduku la vyuma chakavu, na kosa hilo ni langu. Bati la kutolea hewa moto ya kipoza lipo. Nikapitisha waya mwembamba kwenye mapezi ya hedi, kuanzia juu, kama ninavyopitisha sindano kwenye kitambaa. Hedi ya kulia waya ulipita kila mahali. Hedi ya kushoto uligoma mara nne karibu na plagi ya silinda namba 3. Nilipomulika tochi nikaona utando wa aluminiamu uliobaki tangu hedi ilipomiminwa kwenye kalibu, umeziba kati ya pezi na pezi, mahali ambapo hewa inahitajika kuliko pote. Niliuondoa kwa tupa ndogo ya duara, jioni mbili nzima, nikahakikisha unga wote umetoka. Nimerudisha thamostati na vibao vyake.

Mlima uleule, gia ileile: oili nyuzi 98, na hakuna kunoki. Kipoza cha nje sikukinunua. Bado nina swali moja. Nilipoangalia tapeti (nafasi ndogo inayoachwa juu ya kila valvu) baada ya kilomita 500, zote zilikuwa na milimita 0.15 kama nilivyoziweka, isipokuwa ya valvu ya kutolea moshi ya namba 3, iliyokuwa 0.05. Je, niirekebishe na kuendelea?

Fundi wa Hewa

Waya ule hupitishwa kabla hedi hazijafungwa, na ningefurahi kila anayesoma hapa angefanya hivyo kwa hedi mpya, hata ziwe zinang'aa namna gani.

Kuhusu valvu ya namba 3: irekebishe iwe 0.15 injini ikiwa imepoa usiku kucha, lakini usiisahau. Nafasi inayopungua upande wa kutolea moshi ina maana kwamba ama siti ya valvu inazama, ama valvu yenyewe inarefuka, na umeipika kwenye milima kwa muda. Ipime tena baada ya kilomita 500 na uandike namba. Ikibaki 0.15, ilikuwa ni siti kukaa mahali pake tu. Ikipungua tena, hata kwa kiasi kidogo, usiirekebishe mara ya tatu. Ifungue hedi hiyo na uibadilishe valvu, kwa sababu valvu inayorefuka huishia kukatika shingo, na kichwa chake kikiangukia juu ya pistoni injini nzima imekwenda.

Mwanafunzi wa Spana

Nimeiweka 0.15 leo asubuhi, na namba nimeiandika kwa kalamu ya rangi kwenye bati la feni, pamoja na kilomita za gari. Nitaipima tena zikitimia 500.