Gari la kuvutwa na magurudumu ya mbele linashindwa mlima likiwa na mzigo: sababu ni nini?

Mpandamlima:
Ndugu wanajamvi, gari langu dogo lina injini mbele, nayo magurudumu ya mbele ndiyo yanayolivuta. Likiwa tupu hupita vizuri kwenye utelezi, lakini nikipakia abiria nyuma na kujaza buti, kisha nikakutana na mlima wenye tope, magurudumu ya mbele huzunguka bure. Je, mpangilio huu ni dhaifu? Kama ndivyo, kwa nini magari madogo mengi hutengenezwa hivi?

Shafti:
Mpangilio si dhaifu, ndugu yangu. Tatizo ni mahali uzito unapoegemea. Tairi hushika barabara kwa kadiri ya uzito linaoubeba, na katika gari la aina yako injini na gia boksi hukandamiza mbele, hata likiwa tupu takribani asilimia 60 ya uzito huwa huko. Mzigo wa kwenye buti, kwa kuwa unakaa nyuma ya ekseli ya nyuma (mhimili wa magurudumu ya nyuma), huinyanyua pua ya gari kidogo. Mlima nao hurudisha uzito nyuma, na ukikanyaga mafuta unarudi zaidi. Matairi yaliyopunguziwa uzito ndiyo hayohayo unayoyadai yavute na yapinde kona.

Sababu ya kutengenezwa hivi ni nafasi. Katika Mini, gari dogo la Kiingereza la mwaka 1959, mbunifu wake Alec Issigonis aliikingamisha injini na kuiweka gia boksi chini yake, vyote vikitumia oili moja. Hakukuwa na propela shafti, ule mhimili wa kupeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma, ya kupita chini ya sakafu, na gari la urefu wa mita 3 hivi likabeba watu wazima wanne. Mimi naiona kuwa kazi ya ubunifu mkubwa kuliko injini nyingi zenye nguvu.

Ekseli ya Nyuma:
Naomba niongeze upande wa pili. Injini ikiwa nyuma kabisa, kama ilivyo kwenye Porsche 911, gari hushika vizuri sana linapoondoka na linapopanda, ila dereva akiachia mafuta ghafla katikati ya kona, mkia mzito hutaka kutangulia. Ikikaa kati ya dereva na ekseli ya nyuma, kama kwenye gari la mbio la Cooper ambalo dereva Jack Brabham alitwaa nalo ubingwa wa dunia wa Formula One mwaka 1959, gari hugeuka upesi kwa sababu uzito uko karibu na kitovu chake. Gharama yake ni viti vya nyuma, kwa hiyo halikufai wewe mwenye abiria.

Mpandamlima:
Nawashukuru. Basi nikinunua linaloendeshwa na magurudumu yote manne nitakuwa salama?

Shafti:
Kupanda utapanda, lakini kusimama ni kazi ya breki na matairi, na hapo hutapata nafuu yoyote. Kwa sasa sogeza mizigo mizito mbele kadiri uwezavyo. Ukikwama, na njia ikiwa nyoofu na tupu, panda kinyumenyume: magurudumu yanayoendesha yatakuwa upande wa chini, kule uzito unakoelekea.