Tupeane uzoefu: modeli ya treni ambayo huiuzi hata uahidiwe nini

Behewa la Tatu
Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wetu sisi tunaofuga treni ndogo, iwe ya dukani, ya waya, ya maboksi, yoyote ile. Taja ile moja ambayo hata mtu aje na bahasha nene huitoi, halafu utuambie siku iliyokupandisha presha kwa ajili yake. Nimechokozwa na picha niliyotumiwa leo asubuhi: mtoto wa jirani katengeneza Mchongoko, ile treni ya umeme ya SGR ya Tanzania yenye pua iliyochongoka, kwa maboksi ya dawa ya meno, na ile pua kaipata sawasawa.

Yangu ni behewa la daraja la tatu la Reli ya Kati. Mjomba alilitengeneza Tabora kwa plaiwudi na bati la kopo. Madirisha yanapanda na kushuka, na ukichungulia ndani unaona mabenchi yamepangwa vilevile hadi rafu ya mizigo juu. Lilikaa miaka juu ya kabati kijijini, mchwa wakapanda ukutani wakaanza na sakafu. Siku nalinyanyua, paa na kuta zikaja mkononi, magurudumu yakabaki kabatini. Sakafu nimeweka mpya, kibao chembamba cha mninga. Kuta ni zilezile za mjomba, zina matundu ya mchwa, na siyazibi.

Mwanaumeme
Umenikumbusha mbali mkuu. Tupo.

Kigoma–Hamburg
Mimi ni Krokodil ya Märklin, kile kichwa cha umeme cha milima ya Uswisi, mwili vipande vitatu, pua mbele na pua nyuma. Märklin ni kampuni ya tangu 1859, na Krokodil kwa kipimo cha H0 (moja kwa 87) wameanza kuitoa 1947. Nilikipata soko la mitumba la Jumapili. Mzee aliyekuwa akiuza hakutaka kupunguza hata senti mpaka tulipoanza kuongea jinsi fito za pembeni zinavyozunguka, hapo akakifunga kwenye gazeti mwenyewe na kunipa chenji bila kuhesabu.

Presha ilikuja siku ya kuhama nyumba. Wabebaji waliliweka boksi kichwa chini, pantografu moja, ule mkono wa juu ya paa wa kushika waya wa umeme, ikavunjika goti. Uzuri wa Märklin, kipuri unaagiza kinakuja. Nawaonya tu mnaoletewa zawadi kutoka huku: Märklin H0 inachukua umeme kwenye vijipini vya katikati ya reli. Ukiiweka juu ya reli za kampuni nyingine zenye umeme pande mbili, ni shoti.

Na anayefika Hamburg asiikose Miniatur Wunderland, maonyesho makubwa ya treni ndogo, ipo tangu 2001. Taa zinapozimwa na usiku kuingia, taa ndogondogo zinawaka kila kona.

Pwani Moja
Nyie mnaongelea mchwa na wabebaji. Njooni Mombasa muone chumvi! Reli zangu za zamani ni za chuma, ukizisafisha Jumatatu, Alhamisi zina kutu. Nina Hornby ya kijani, ya Waingereza, tenki injini ndogo (kichwa cha mvuke kinachobeba maji yake chenyewe), ilikuwa ya mzee mmoja aliyefanya kazi bandarini, mjane wake ndiye aliyenipa. Hiyo siuzi. Napitisha msasa laini juu ya reli kila wiki na inatembea.

Fundi Saa
Msasa?! Mkuu, unaziua hizo reli kwa mikono yako. Kila mkwaruzo ni mfereji wa kukusanya uchafu, wiki ijayo zitakuwa nyeusi zaidi. Spiriti safi na kitambaa cha pamba, basi.

Pwani Moja
Spiriti haiondoi kutu. Wewe uko Iringa, huijui hewa ya bahari.

Fundi Saa
Kutu ni ya reli za chuma. Tafuta reli za nikeli utaniambia. Hizo hazishiki kutu, zinapata weusi tu, na weusi unatoka kwa spiriti. Nimetengeneza saa na vichwa vya treni maisha yangu yote, sikisii.

Mama Stesheni
Mimi napaka mafuta ya cherehani, kidogo sana, na kidole. Kutu hakuna.

Fundi Saa
Mama, mafuta ya cherehani ni ya ekseli na gia, tone moja kwa ncha ya sindano. Juu ya reli kichwa kitateleza kwenye mlima na vumbi litaganda.

Mama Stesheni
Yangu haina mlima 😊

Mwanaumeme
Dawa ya kutu na vumbi ni moja: funga chumba, ficha funguo. Wageni ndio kutu yenyewe.

Volti 110
Kaka yangu aliniletea seti ya Lionel kutoka Marekani. Kabla sijafika nyumbani, shemeji akataka kuwafurahisha watoto, akaichomeka moja kwa moja ukutani. Transfoma ya 110 kwenye 240! Moshi ulitoka kweli, ila si kwenye bomba la treni. Kichwa kilisalimika, transfoma iliyeyuka ikashika zulia. Anayeletewa kitu cha Marekani asome kwanza maandishi ya nyuma.

Damu ya Mzee
Nimekuwa msomaji tu humu, ila leo nimeshindwa kupita.

Marehemu baba alikuwa fundi karakana ya reli Nairobi, enzi za East African Railways. Tulikaa landhi za Muthurwa, zile nyumba za wafanyakazi wa reli. Kila jioni akitoka kazini alikaa kwenye meza yake nyuma ya nyumba akitengeneza Garratt, kichwa cha mvuke chenye injini mbili na boila katikati, ya daraja la 59, namba 5918, Mount Gelai. Hakuwa na seti ya dukani wala michoro ya kununua, alikuwa na mashine yenyewe mbele yake kila siku. Alipima kwa thumni tatu (3/8) za inchi kwa kila futi, kwa hiyo futi 104 za mashine ya kweli zikawa inchi 39. Boila bomba la kopa, fremu brasi. Magurudumu yote 28 aliyakereza moja moja. Ukiisukuma kwenye kona, injini ya mbele inaanza kugeuka, boila linafuata likiwa limening'inia katikati, halafu injini ya nyuma inaingia. Aliipaka rangi ya damu ya mzee, akachora mstari wa njano kwa unyoya wa kuku.

Baba alipofariki tulikubaliana ikae kwa kaka mkubwa. Pale nyumbani alikuwapo binamu yetu. Sisi tulipoona Gelai, yeye aliona kilo. Tulipokusanyika kwa arobaini, pale mezani ilipokuwa Gelai palikuwa na mtungi wa maji. Nikauliza. Binamu akajibu bila hata kushusha kijiko kwamba amepeleka kwa watu wa vyuma chakavu, kwa sababu "haitembei, haina mota."

Nilitoka na viatu vya ndani. Nilifika yadi mzani ukiwa unaning'inia. Kopa walishaitenga na brasi. Boila lilikuwa limekatwa katikati kwa msumeno, vipande viko kwenye gunia pamoja na nyaya zilizochomwa. Injini ya nyuma ilikuwa juu ya mzani. Na kijana amechuchumaa na nyundo, anabandua magurudumu ya mbele kwa sababu baba aliyavika matairi ya chuma, na chuma bei yake iko chini. Nyundo ilikuwa hewani nikapiga ukelele, yadi nzima ikasimama.

Nitamalizia, zamu yangu kazini imefika.

Mwanaumeme
Aaah dada usitufanyie hivyo!!

Kigoma–Hamburg
Nimesimama hapa jikoni sili.

Mtetezi
Huyo binamu ni wa polisi. Huo ni wizi wa mali ya marehemu, hakuna jina jingine.

Behewa la Tatu
Polisi kwa ndugu wa damu, kwenye arobaini? Hayo yanamalizwa na wazee ndani.

Mtetezi
Ndani ndimo yanamofia. Mzee alikereza magurudumu 28, mtu anauza kwa kilo, halafu tukae mkekani tunywe chai?

Pwani Moja
Mashine za makaa zilikuwa na maisha magumu zikiwa kubwa, na zikiwa ndogo pia.

Fundi Saa
Daraja la 59 haikuchoma makaa, ilichoma mafuta mazito. Tani 252 ikiwa kamili, na hakuna mashine ya mvuke ya reli ya mita moja iliyokuwa na nguvu kuishinda. Tuheshimu kitu chenyewe.

Pwani Moja
Sawa, mafuta. Wewe hata msibani unasahihisha.

Gorton
Naishi Manchester. Zote 34 za daraja hilo zilijengwa hapa Gorton na kampuni ya Beyer Peacock, katikati ya miaka ya 1950, zikapewa majina ya milima ya kwetu. Nina ya kwangu ndogo ya kit, ya kuunganisha mwenyewe, ila dada, baada ya kusoma habari ya baba yako nimeirudisha ndani ya boksi.

Damu ya Mzee
Nimerudi. Asanteni.

Mwenye yadi hakuwa mtu mbaya, alikuwa mfanyabiashara. Alisema nilipe bei ya brasi safi na kopa safi, nichukue chote. Sikuwa na kitu mfukoni. Niliwapigia dada zangu, M-Pesa ikaingia palepale. Yule kijana wa nyundo ndiye aliyenisaidia kuliko wote. Alikaa chini akachambua kifusi kwa kidole, akatoa fito za kuendeshea, akatoa hata skrubu ambazo mimi nisingeziona, akaziweka kwenye kofia yake.

Yamepotea magurudumu matano na kibao cha jina. Boila limeunganishwa na fundi wa jua kali kwa pete ya ndani na lehemu ya fedha. Binamu aliomba radhi mbele ya wazee na analipa kidogo kidogo, hilo limeisha. Swali langu kwenu: mshono wa msumeno niupake rangi au niuache uonekane?

Fundi Saa
Paka. Baba yako hakujenga mashine yenye kovu.

Behewa la Tatu
Uache. Mimi matundu ya mchwa sijaziba.

Mama Stesheni
Paka upande wa mbele, wa ukutani uache.

Mtetezi
Peleka makumbusho, iwekwe kwenye kioo, binamu asiifikie tena.

Damu ya Mzee
Makumbusho hapana, wajukuu wanaisukuma. Ninachokosa ni kibao. Niko Doha kikazi, na sitaki herufi za kukisia.

Landhi 7
Dada, 5918 yenyewe iko makumbusho ya reli hapa Nairobi, mimi nafanya kazi dakika kumi kutoka pale. Jumamosi naenda na futi kamba. Nikupimie nini?

Damu ya Mzee
Urefu na upana wa kibao, urefu wa herufi, na nafasi kati ya maneno mawili. Pima na cha Mount Shengena, 5930, tulinganishe. Na kama watakuruhusu kusogea, nipigie picha matairi ya mbele upande wa kushoto, nahitaji unene wa ukingo kwa yale matano.

Landhi 7
Nimeandika. Kukereza hayo matano, nina mtu wa leth, mashine ya kukereza, hapa, alifundishwa karakana hiyohiyo.

Fundi Saa
Mwambie aache matairi ya chuma kama ya mzee. Asiweke brasi tupu.