Bodaboda wafundishwe kufunga mguu unaovuja damu, au wawaachie madaktari?

Mleta mada:
Wakuu, wiki iliyopita Kimara Mwisho bodaboda kagongwa na kirikuu. Mguu umechanika chini ya goti, damu inaruka kwa mapigo. Tumejaa, nusu yetu tunarekodi. Mama wa mihogo akavua kanga yake ya juu, jamaa mmoja akaizungusha pajani, juu ya goti, akapachika mwiko kwenye fundo, akanyonga mpaka damu ikakata. Kijana kafika hospitali anaongea. Pale mapokezi tukaoga matusi: "Nani kawatuma kufunga? Mnataka akatwe mguu?"

Mimi nasema bodaboda na makonda wote wafundishwe kutumia toniketi, huo mkanda wa kukata damu. Mtu mzima ana damu lita 5 hivi. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, dakika chache zinammaliza, na foleni ya Morogoro Road jioni haijui king'ora. Nipingeni.

Muuguzi wa dharura:
Kwenye matusi simo, ila hofu ya huyo wa mapokezi naielewa. Tunapokea watu wamefungwa waya, kamba za viatu, mpira wa kufungia mizigo. Kitu chembamba kinaumiza neva na nyama. Kibaya zaidi ni kile kilichofungwa kwa huruma: kimelegea, kinaziba vena zinazorudisha damu huku ateri inayoileta inaendelea kusukuma, basi mguu unavuja kuliko ungeachwa. Halafu uliza kimefungwa saa ngapi, wote wanatazamana. Ndani ya saa 2 mguu kwa kawaida unavumilia, zikizidi sana misuli inaanza kufa. Na vidonda vingi havihitaji kufungwa hivyo. Kandamiza kwa kitambaa na viganja viwili, usichungulie kila dakika.

Dereva bajaji, Mbagala:
Dada, nikandamize vipi wakati majeruhi nimempakia nyuma na mimi ndiye naendesha?

Mzee wa Temeke:
Wanangu, mmesahau PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi. Nikimfunga mtu akafia mikononi mwangu, polisi wataanza na nani? Serikali inunue magari ya wagonjwa. Haya ya miko ni kumtwisha raia mzigo usio wake. Ingawa zamani tulifunga hivyohivyo aliyeumwa na nyoka.

Muuguzi wa dharura:
Wa nyoka usimfunge kabisa, mzee wangu. Sumu inabanwa pale pale, nyama zinaharibika.

Dereva kanishika, nakubali. Damu inaruka na huna wa kukandamiza: funga. Kitambaa kipana, vidole vitatu au vinne kutoka kwenye kidonda kupanda juu, siyo kwenye goti lenyewe wala kiwiko. Nyonga mpaka damu ikate. Atapiga kelele, wewe nyonga. Na njiani usilegeze eti damu ipite kidogo. Kinena na kwapa havifungiki, hapo sokomeza kitambaa ndani ya kidonda ukandamize.

Mleta mada:
Mzee, magari yaje, nani anakataa? Ila Marekani wanayo tele, na bado mwaka 2015 walianza kampeni ya kufundisha raia wa kawaida, baada ya kuona mkanda huu ulivyookoa wanajeshi Iraq na Afghanistan.

Mzee wa Temeke:
Marekani hawana PF3.

Dereva bajaji, Mbagala:
Kijiweni tuko 30, Jumapili mchana tupo wote. Dada uje, kanga tutaazima. Ila hiyo saa ya kufunga tuandike wapi? Karatasi italowa damu.

Muuguzi wa dharura:
Kwenye paji la uso. Leteni kalamu ya wino mzito.