Ijumaa mnafanya nini na darasa la kwanza?

Mwl Mpya: Habari zenu walimu, nina watoto 74, Jumatatu mpaka Alhamisi ni KKK tu (kusoma, kuandika, kuhesabu), yaani ma me mi mo mu na namba, sasa ikifika Ijumaa wamechoka wengine wanalala kwenye dawati kabisa, nyie mnafanyaje?

Mama Silabi: Pole mwaya. Mi nawatoa nje chini ya mwembe, kila mtoto na vizibo vyake 10 vya soda, wanapanga wanajumlisha wanatoa, hata yule asiyeongea wiki nzima utamsikia "mwalimu, vyangu viko tisa!"

Baba Wawili: Mi mzazi tu, wangu alirudi na silabi kwenye vipande vya boksi, jioni nzima tunaunganisha ma na ma, tupeni kazi kama hizo jamani.

Mwl Mpya: Asanteni sana, vizibo naanza kuokota leo leo.