Kichwa cha mwanasesere kigeuke chenyewe, tufanyeje?

Nyegezi: Wakuu, tunapiga filamu ya kutisha ya Krismasi, bajeti ya kuungaunga. Mwanasesere aliyelaaniwa ageuze kichwa mezani. Nailoni ya kuvulia inang'aa kwenye kamera, na taa za mti zinachezacheza.

Kirumba: Nailoni shingoni achana nayo, mkuu. Ng'oa kichwa, chomeka spoku ya baiskeli, ipite kiwiliwilini hadi chini ya meza iliyotobolewa. Msaidizi azungushe polepole, amefichwa na kitambaa. Kichwani ishike kwa gundi ya moto, la sivyo spoku itazunguka peke yake. Nailoni ibaki ya kuvuta mkono wa mwanasesere wenye kisu: ipake masizi, taa itoke ubavuni, nyuma pawe giza.

Igoma: Taa kuchezacheza ni shata hiyo, yaani muda kamera inaofunguka kwa kila picha. Umeme wetu ni hezi 50, weka fremu (picha) 25 kwa sekunde, shata 1/50 ya sekunde. Zikigoma, tafuta za betri.

Pasiansi: Damu je? Shira nzito kikombe, rangi nyekundu ya chakula kijiko cha chai, kakao kidogo. Bila kakao ni soda ya stroberi. Uso wa mwanasesere upake vaselini kwanza, rangi hung'ang'ania plastiki na hamtaweza kurudia tukio. Usiku fungeni madirisha, wadudu wa ziwani watajaa kwenye taa.